Nailoni haiokoi pampu iliyolala stoo

Swali: Mhandisi, mimi ni mtunza stoo wa kiwanda huku Tanga. Tuna pampu mbili za maji za akiba, zina miezi minane stoo. Fundi alizipaka oili chafu, tukazifunga nailoni nzito tabaka tatu na kubana kwa gundi. Juzi tumefungua moja tukakuta kutu kwenye midomo ya kuingizia na kutolea maji, na shafti (mhimili wa pampu) imegoma kuzunguka. Fundi anasema tuilazimishe kwa spana ya bomba mpaka iachie, halafu nyingine tuiongezee nailoni. Tufuate ushauri wake?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hiyo spana irudishwe kabatini kwanza. Ndani ya sili, kile kizuizi cha maji kwenye shafti, kuna nyuso mbili laini mno zinazokaa zimegusana, na mara nyingi moja ni ya kaboni. Zikishagandana ukalazimisha, kaboni inapasuka. Kuwasha mota ili "iachie yenyewe" ni kosa lilelile. Ondoeni kapulingi (kiungo cha mota na pampu), fungueni plagi ya chini ya pampu mwone kinachotoka, mwagieni oili nyepesi ya kupenya kutu, muiache ilowe. Kisha jaribuni kwa mkono. Ikikataa, pampu ifunguliwe mezani.

Nadhani kwenye hiyo plagi mtakuta maji. Pampu hupimwa kwa maji kiwandani ilikotengenezwa, na isipomwagwa na kukaushwa vizuri, mabaki hutulia chini ya kasha lake. Hapo ndipo nailoni inaponiudhi, kwa sababu watu wanaiamini kuliko kitu kingine chochote. Unyevu uliokuwa ndani mmeufungia humohumo. Na msidhani gundi imezuia wa nje: mchana hewa iliyo ndani inapanuka na kutoka kwenye vipenyo vidogo, usiku inasinyaa na kuvuta nyingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwenu pwani inaweza kutokea, huanza kutoa matone ikipoa kufika kama nyuzi 26. Chuma kizito kikishapoa usiku kinatoka jasho kama glasi ya maji baridi, na jasho hilo likiwa chini ya nailoni halina pa kukaukia. Ongeza chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Tabaka la nne lingefanya nini hapo?

Oili chafu nayo naomba iachwe kabisa. Imetoka kwenye injini ikiwa na asidi, masizi, maji na vumbi la chuma. Mnaipaka kwenye chuma mnachotaka kukilinda? Tena kuna mpira wa oringi (pete ya kuziba), ule wa aina ya EPDM unaotumika sana kwenye pampu za maji, ambao ukiguswa na oili ya aina yoyote ya madini unavimba na kuharibika. Kwa hiyo kabla ya kumwagia hata hiyo oili ya kupenya, angalieni kwenye kitabu cha pampu mpira wenu ni wa aina gani.

Ile ya pili ifungueni leo. Mwageni maji yote, ikausheni kwa hewa kavu, pakeni ndani oili maalumu ya kuzuia kutu inayokubaliana na mpira wake. Midomo izibwe kwa bamba na gasketi, ndani mkiweka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Andikeni idadi ya vifuko kwenye kibao kinachoning'inia juu ya pampu, maana kifuko kikisahaulika kitaishia kwenye impela, ile pangaboi inayosukuma maji, siku ya kuwasha. Kama badala ya sili inatumia pakingi ya grafiti (kamba ya kuziba inayozungushiwa shafti), itoeni, kwa sababu grafiti yenye unyevu huchimba vishimo kwenye shafti, hata ile ya chuma cha pua. Pampu yenyewe iwekeni juu ya mbao, isikae kwenye sakafu ya saruji wala jirani na jenereta: mtikisiko hupiga alama ndani ya beringi ambayo haijawahi kufanya kazi hata saa moja. Kila mwezi zungusheni shafti kwa mkono, mzunguko mmoja na robo, ili isisimame palepale iliposimama mwezi uliopita. Mota yake ina kihita cha kuifukuzia unyevu? Kiunganishwe umeme, na mota msiiwashe kabla ya kupima insulesheni ya nyaya zake.

Haya yanahusu viwanda vingi, si chenu tu. Pampu ya akiba inanunuliwa kwa fedha nyingi, kisha inakabidhiwa kwa muuza dawa ya kutu ya kopo anayeahidi kwamba kupuliza mara moja kunatosha miaka miwili. Msimpokee. Hakuna dawa ya kupuliza nje inayofika kwenye beringi au kwenye sili. Mkiagiza pampu nyingine, andikeni kwenye oda itakaa stoo muda gani na kwamba ni pwani, mtengenezaji aiandae kwa muda huo, na mdai maelekezo yake ya uhifadhi kwa maandishi. Ikifika, ikagueni siku hiyohiyo na kuifungulia daftari, kwa kuwa dhamana inaweza kukataliwa pale mteja anaposhindwa kuonyesha kumbukumbu za lini shafti ilizungushwa na nani aliizungusha.