Destroya dhidi ya meli kubwa: kisa cha Robert Sherbrooke

Ndugu, umeuliza destroya, yaani manowari ndogo yenye kasi, ingewezaje kuizuia meli kubwa ya Kijerumani. Msome Kapteni Robert Sherbrooke wa Uingereza. Aprili 1940 aliongoza destroya Cossack katika mapigano ya Narvik, Norwei. Siku yake kubwa hasa ni 31 Desemba 1942, Bahari ya Barents, akiwa kwenye destroya Onslow, akilinda meli 14 za mizigo ziendazo Urusi.

Hipper, meli kubwa ya kivita ya Wajerumani iliyomkabili, ilikuwa na mizinga ya milimita 203. Mizinga ya Onslow ilikuwa ya 120 tu. Lakini Sherbrooke alikuwa na torpido, mabomu yanayokwenda chini ya maji, na akili yake ilikuwa hapo: aliielekea Hipper kama anayetaka kuzifyatua, asizifyatue. Akishazitoa, tishio limekwisha! Wajerumani wakawa wanageuka kila mara.

Kipande cha kombora kikampiga usoni, kikamtoa jicho la kushoto, naye akabaki kwenye daraja la kuongozea meli hadi Onslow ilipopigwa tena ikashindwa kuendelea. Waingereza walipoteza meli zao za kivita Achates na Bramble, ila zile 14 zote zilifika. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akastaafu 1954 akiwa admirali wa daraja la chini (rear admiral). Kwangu mimi, huyu ndiye mfano bora kabisa.