Maswali yenu ya hostingi: domeini ni ya mteja, bekapu ni kazi yako

Nina laki tatu, naweza kuanza kuwa risela wa hostingi?

Unaweza. Risela ananunua kwa jumla hostingi, yaani nafasi ya kuweka tovuti kwenye seva, na kuiuza rejareja. Unanunua kifurushi cha risela, unapewa WHM, paneli ya kusimamia akaunti za wateja, unafungua akaunti na kuuza. Ila shika hili: mteja anakulipa mwaka mzima kwa shilingi, wewe unalipa kila mwezi kwa dola, kwa hiyo hela ya Januari sio yako yote, ukiila ikaisha Juni seva inafungwa na wateja wako wote wanazimika siku moja.

Niwape wateja nafasi bila kikomo kama wengine?

Usidanganye watu. Diski ina mwisho na idadi ya mafaili ina mwisho. Halafu tangu 2019 cPanel, wenye hiyo programu ya WHM, wanachaji kwa idadi ya akaunti, kwa hiyo hata akaunti iliyolala bila mgeni inakula hela kwa mtu fulani, na mwisho wa siku huyo mtu ni wewe.

Mteja ana deni la hostingi. Domeini, yaani jina la tovuti yake, niliisajili kwa jina langu, naweza kuishikilia mpaka alipe?

Hapana, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Deni ni la hostingi, simamisha hostingi. Domeini ni jina la biashara ya mtu, liko kwenye bango lake, kwenye risiti zake, kwenye gari lake la mizigo. Namjua mama mmoja muuza vitambaa, kijana aliyemtengenezea tovuti alibadili namba ya simu akapotea, domeini ikaisha muda, na mama hakuwa na cha kuonyesha kwa sababu usajili wote ulikuwa jina la kijana. Miaka ya kujitangaza imeenda hivyo. Iwe .co.tz iwe .com, andika jina la mteja na imeili anayoifungua mwenyewe, tena isiwe imeili ya domeini hiyo hiyo, maana domeini ikizimika na imeili inazimika, ujumbe wa kumkumbusha alipie ataupata wapi? Wewe uliyeuliza, kamrekebishie leo, deni mdai baadaye.

Ninaponunua wanasema wana bekapu, yaani nakala za akiba, kila siku. Si inatosha?

Haitoshi. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVH, kampuni ya hostingi, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, jengo zima la seva likateketea, na waliokuwa na bekapu humo humo walipoteza vyote. Bekapu yako ikae kwa kampuni nyingine, na kila mwezi chagua akaunti moja uirudishe uone kama inafunguka. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha usimwahidi nayo mtu.

SSL, kile cheti cha usalama wa tovuti, niwauzie elfu hamsini?

Let's Encrypt wanatoa cheti hicho bure. Acha.

Imeili za wateja wangu zinaingia spamu, seva ni mbovu?

Umeweka SPF, DKIM na DMARC, rekodi za domeini zinazothibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli? Anzia hapo kabla ya kulaumu seva. Ukishaweka, kagua nani kati ya wateja wako ametumia themu ya WordPress ya wizi, kwa sababu mmoja akidukuliwa akaanza kumwaga spamu, IP, yaani namba ya anwani ya seva, inaingia orodha nyeusi ya watuma spamu na wote mnaoitumia mnaumia naye.

Nina wateja kumi na mbili, niache kazi?

Wangapi wamelipia mwaka wa pili? Niandikie tena ukiwa na hiyo namba.