Yai la Musaylima, na maswali mengine ya wasomaji

Wiki hii barua nyingi zinauliza habari za watu wanaojidai mitume na wenye miujiza. Nimechukua nne.

Maalim, huku kwetu Wete kuna mtu anatia yai zima ndani ya chupa yenye shingo nyembamba. Anasema ni karama aliyopewa usingizini. Mdogo wangu keshauza bangili zake ampelekee. Nimwambie nini?

Pole sana, dada yangu. Yai hilo ni la zamani mno. Al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa karne ya 9, anamsimulia Musaylima wa Yamama kwamba aliwateka watu kwa yai na chupa vivyo hivyo, alipodai utume zama za Mtume Muhammad (SAW).

Mwite mdogo wako jikoni. Tia yai bichi kwenye bilauri ya siki. Utaona vipovu vinalizunguka ganda na kupanda juu: siki inalila. Siku mbili zikipita, ganda halipo, limebaki ngozi tu, yai linabonyea kama puto lililotiwa maji. Lisukume polepole kwenye shingo ya chupa. Litajivuta, litaingia, kisha litarudi duara lake. Alifanye kwa mikono yake mwenyewe, maana maneno yako hatayasikia.

Musaylima alimwandikia Mtume kwamba ardhi wagawane, nusu kwa nusu. Akajibiwa kuwa ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, humrithisha amtakaye. Aliuawa katika vita vya Yamama, zama za Abubakar. Lakini vita hivyo viliondoka na mahafidh wengi, yaani walioihifadhi Qur'ani kwa moyo, hata Umar akahofia Qur'ani isije ikapotea na vifua vyao, akashauri ikusanywe. Kila nikilisomesha somo hili, roho huniuma kwa wale mahafidh.

Nipo Makunduchi. Karama ya kweli na mazingaombwe nitavitenganisha vipi?

Mwanangu, mtazame mtu anafanya nini sifa ikimjia bure. Ibrahim, mtoto wa Mtume kwa Bi Mariya, alifariki angali mdogo sana. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Muujiza ulikuwa umeshatengenezwa na watu wenyewe, yeye angenyamaza tu. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Baba mwenye msiba mbichi anayasema hayo! Nawe ukimpata anayedai karama, mpe sifa isiyo yake, kisha umsikilize.

Nimeletewa kwenye simu wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume. Nisipousambaza nitapata balaa?

Hupati. Ufute. Barua ya namna hiyo ilizagaa Lindi mwaka 1908, ikawatia Wajerumani wasiwasi. Dini haienezwi kwa kutishana.

Mimi ni mwanafunzi, Mkoani. Kinjikitile naye tumwite mtume wa uongo?

Hili limenikalisha. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisema amepandwa na pepo, akagawa dawa ya maji ya kuzifanya risasi za Mjerumani kuwa maji. Waliomwendea walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko na kutozwa kodi. Aliwaunganisha watu wa makabila yasiyowahi kupigana pamoja. Kwa hilo namheshimu, na neno tapeli siwezi kumbandika.

Ila maji hayakuzuia risasi, mwanangu, na hilo lazima ulijue. Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema Agosti 1905. Mwisho wa mwezi huo huo, kule Mahenge, maelfu waliiendea boma wakiiamini dawa yake, wakakutana na bunduki za rashasha.