Maswali na Majibu: Raha ya Kumfundisha Mbwa wa Kazi

Maswali ya safari hii yametoka Malindi na vijiji vyake, na karibu yote yanauliza jinsi ya kupata mbwa wa kazi anayetii bila vita. Nimechagua matano.

Mimi ni askari wa geti huku Casuarina. Nimekabidhiwa mbwa jike, German Shepherd wa miaka mitatu. Aliyekuwa naye kabla yangu alimwamuru na fimbo mkononi. Nikimwambia akae hukaa, lakini hulaza masikio na kujilamba midomo. Kuna njia nyingine?

Ipo, ndugu yangu, na umeona jambo ambalo wengi hulipita. Masikio yaliyolala nyuma, kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi: hizo ni dalili za hofu. Huyo anakaa ili asipigwe. Siku fimbo ikikosekana, utiifu nao hutauona.

Anza upya, umchukulie kuwa hajawahi kufundishwa. Fimbo usije nayo kabisa. Chemsha maini ya ng'ombe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), uyakate vipande vya ukubwa wa ukucha. Mwekee kimoja puani, halafu kipandishe polepole kuelekea kisogoni kwake. Kichwa kitafuata juu na makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "Vyema!" na umpe hapohapo. Ukichelewa sekunde tatu atakuwa ameshainuka, na utakuwa umemlipa kwa kuinuka. Hapo ndipo wengi hukwama, kisha wanasema mbwa ni mgumu wa kichwa, kumbe mkono wao ndio mzito.

Neno la amri ulibadilishe pia, maana lile la zamani limeshika harufu ya fimbo. Fanya dakika tano tu, mara mbili au tatu kwa siku, na umalize angali anataka zaidi. Utajua mambo yameiva siku atakapokuja mwenyewe na kukaa mbele yako, masikio wima, mkia unafagia mchanga, anakutazama usoni akingoja kazi. Raha hiyo mimi siibadilishi na chochote.

Wala usidhani upole utamharibia ulinzi. Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa hawa Ujerumani mwaka 1899, aliwataka wawe mbwa wa kazi kwanza, uzuri baadaye. Mtihani wao wa jadi, Schutzhund, una sehemu tatu: kufuata harufu, utiifu na ulinzi. Mbwa anayeng'ata vizuri lakini hatii hafaulu.

Nalima mahindi Kakuyuni na nyani wananimaliza. Nina mbwa wa kienyeji. Wenzangu wananicheka, wanasema mbwa wa kienyeji hafundishiki. Ni kweli?

Si kweli hata kidogo. Mbwa wa kienyeji ameishi kwa akili yake mwenyewe, anastahimili joto letu na anajifunza upesi akiona faida. Ila usimfunze kupigana na nyani. Dume la nyani lina meno marefu na linaweza kumuua mbwa. Mfunze mambo mawili: kubweka mpakani, na kurudi anapoitwa.

Kuitika ni amri ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu siku moja itamwokoa roho. Anza uani, ukiwa umemfunga kamba ndefu. Mwite kwa sauti ya furaha, rudi nyuma hatua chache ili atamani kukufuata, na akifika mpe kitu kitamu, kisha mwachie aende zake. Hapo pa kumwachia wengi husahau. Mbwa anayeitwa kila mara ili afungwe mnyororo hujifunza kwamba kuitwa ni mwisho wa starehe, na atakutazama kwa mbali tu. Akichelewa kuja, usimpige alipofika. Kwa akili yake umempiga kwa kuja.

Halafu mchanjishe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, maana anakutana na wanyama wa porini. Mtu yeyote aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu amepata kazi ya kushika mbwa katika kampuni ya ulinzi. Sisi ni Waislamu wa Shela hapa Malindi na majirani wanasema. Nimzuie?

Marahaba, mama. Hukumu ya dini mpelekee sheikh wako, mimi ni mtu wa mbwa. Ninachoweza kukukumbusha ni kwamba Sura ya Al-Maida, aya ya nne, inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na hadithi imewaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa hapa pwani, najisi ya mbwa huhama palipo na majimaji, na huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mwanao awe na nguo za kazi zinazobaki kazini, na mahali pa kujitwaharisha kabla ya sala. Mbwa pia anaweza kufundishwa asirambe mtu wala asimrukie. Hilo halina ugumu: akiruka mpe mgongo, akitulia chini msifu.

Saa ngapi ni nzuri kumfanyisha mazoezi Malindi?

Alfajiri, au jua likishatua. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na wakati wa kaskazi kuhema hakutoshi. Weka kiganja chako juu ya lami au mchanga, na kama huwezi kuvumilia, naye atulie kivulini. Akihema kwa nguvu, akidondosha ute mzito na kuyumba, mmwagie maji ya kawaida na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Nimesikia kuna mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini Mombasa. Hao nao wanalazimishwa?

La, wanacheza! Mbwa hao wako na maaskari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na mafunzo yao hufanyika karibu na Arusha, Tanzania. Mbwa hajui ndovu ni nini wala mahakama ni nini. Anachojua ni kwamba akiipata harufu fulani na kukaa kimya kando yake, mpira wake utatokea. Kwa mpira huo atapita kwenye makontena moja baada ya jingine na asichoke kupenda kazi. Ndiyo maana wanaochaguliwa ni wale wenye wazimu wa mchezo.

Unaweza kujaribu kwako nyumbani. Chukua kitambaa ambacho mbwa wako anapenda kukivuta, mwache akione, mwambie mtu amshike mbwa, ukifiche nyuma ya ndoo, kisha sema "Tafuta!" Akikipata, vutaneni kidogo na umwachie ashinde. Kesho kifiche mbali zaidi, na upande ambao upepo unamletea harufu.