Re: Tuache uani au tujaze vyumba?
Salama mkuu. Umeuliza mkivunja nyumba ya urithi hapo Magomeni muache uani au mjaze vyumba vya kupangisha. Kwanza angalia shimo la choo liko wapi na maji ya mvua yanapita wapi kutoka nje. Nyumba zetu za Kiswahili, korido katikati na vyumba huku na huku, uani ndo kuna choo, jiko, karo, na ndo sebule ya wapangaji wote. Sisi tulijaza mpaka ukutani, kodi ikapanda kweli ila masika maji yakaingia ndani, msiba ukatokea turubai tukafunga barabarani, na wamama waliokuwa wanapika pamoja wakajifungia kila mtu kwake, inaniuma mpaka leo. Mwambieni mchoraji aache uani kabla hajapanga vyumba, na njia ya kupitisha mpira wa gari la majitaka. Tupia ramani hapa tuione.