Maswali ya wasomaji: Mkwe hana kazi Uingereza, mbona mshahara wa binti yangu unahesabiwa?

SWALI: Mwanangu wa gazetini, za kazi? Mimi mama mtu mzima, niko Ngamiani, Barabara ya 14, hapa Tanga. Binti yangu anaishi Uingereza na mumewe na mtoto wao mmoja, wote wana ukaazi wa kudumu. Mkwe kaachishwa kazi, binti anafanya usafi masaa machache anapata kama pauni 800 kwa mwezi. Wameomba hela ya serikali, sasa mkwe ananiambia eti mshahara wa mkewe unapunguza hiyo hela, na eti kwa vile wanasaidiwa kodi ya nyumba ndo wanakatwa zaidi. Mimi naona ananizuga tu, maana tangu waombe hawajatuma hata shilingi. Halafu kuna nyumba ya Pongwe iko kwa jina la binti, ina wapangaji, je kule inawahusu?

JIBU: Shikamoo mama. Mkweo hajakuzuga, na nakuomba kabla hujampigia tena simu ya kumgombeza usome hapa mpaka mwisho.

Hela wanayoomba inaitwa Universal Credit, ilianza 2013 na imemeza misaada sita ya zamani, ukiwemo wa kodi ya nyumba na wa wasio na kazi. Watu wawili wakiishi kama mke na mume, wawe wamefunga ndoa au hawajafunga, wanaomba kwa pamoja, hamna cha hela ya mume wala hela ya mke. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26 wawili wenye miaka 25 na kuendelea wanaanzia pauni 628.10 kwa mwezi, inaongezwa ya mtoto, inaongezwa ya kodi ya nyumba, ikishapatikana jumla ndo wanaanza kukata kutokana na kipato cha yeyote kati yao.

Sasa hapo kwenye kukata ndo penye maneno. Kwa kuwa wana mtoto, kuna kiasi cha mshahara hakiguswi kabisa. Kwa viwango hivyo hivyo vya 2025/26, kama wanasaidiwa kodi ya nyumba kiasi hicho ni pauni 411, kama hawasaidiwi ni 684, na kinachozidi hapo, asilimia 55 yake inakatwa kwenye hela ya serikali. Chukua hizo 800 za binti: toa 411 zinabaki 389, makato yake ni pauni 213.95. Wangekuwa hawasaidiwi kodi, kinachobaki ni 116 tu na makato ni pauni 63.80. Tofauti ni kama pauni 150 kila mwezi, ndo hiyo anayokwambia mkweo. Ila usije ukawashauri waache kuomba hela ya kodi ili wakatwe kidogo, maana hela ya kodi yenyewe kwa kawaida inaizidi mbali hiyo 150!

Na hiyo kodi nayo hailipwi yote. Kwa waliopanga kwa mtu binafsi serikali ina kiwango cha kila eneo, yaani ni kama wameziweka kwenye mstari nyumba 10 kuanzia ya kodi ya chini mpaka ya juu, wakachukua kodi ya ile ya tatu kutoka chini, na baba na mama wenye mtoto mmoja wanahesabiwa vyumba viwili vya kulala. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu Aprili 2024 wakati wenye nyumba wanapandisha kila wakijisikia, kwa hiyo pengo wanaliziba wenyewe kwenye hela ya chakula. Kwangu mimi huu ni uonevu, familia haiwezi kuambiwa ikatafute nyumba ya bei ambayo haipo mtaani. Na malipo ya kwanza yanachukua kama wiki tano, ukiomba upewe mapema ni mkopo, wataukata huko mbele. Ndo maana hamjaona kitu mama, hawajawasahau.

Mkwe aulizie pia New Style JSA, hela ya anayetafuta kazi. Hiyo inatokana na michango aliyokatwa kazini, inaenda mpaka siku 182 na haiangalii mshahara wa mke wala akiba yao, ingawa wakiwa na Universal Credit inapunguzwa humo humo pauni kwa pauni.

La Pongwe ndo linanitia wasiwasi zaidi. Nyumba usiyoishi inahesabiwa ni mali hata ikiwa Tanga. Mali na akiba zao kwa pamoja zikiwa chini ya pauni 6,000 hawaulizwi, zikizidi hapo wanapunguziwa, zikipita 16,000, ambayo ni zaidi kidogo ya milioni 50 za huku, hawapati kitu. Binti aitaje, asidanganywe na mtu kwamba kule hawawezi kujua, akificha ikagundulika atadaiwa zote alizokula na kesi juu. Kama wameamua kuiuza na wanahangaika kweli kutafuta mteja, wanaweza kupewa miezi sita bila kuhesabiwa.

Na nyie wengine mnaotaka kuwafuata wenzenu kwa viza ya mwenza, jueni viza hiyo kwa kawaida inakuzuia kuomba hela hizi, ila mshahara wako utahesabiwa mwenzako akiomba.

SWALI: Mimi niko Dunda, Bagamoyo, mume wangu kapunguzwa kazi. Huku kwetu akiomba fao la kukosa ajira, si wanachunguza kipato cha mke na kodi ya nyumba tunayolipa?

JIBU: Pole sana dada. Fao la kukosa ajira la NSSF haliangalii mshahara wako wala kodi yenu, linaangalia michango yake. Awe amechangia angalau miezi 18 na asiwe ameacha kazi mwenyewe, anapata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Kwa hiyo kama baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, muombeni mapema mlipe mwezi kwa mwezi, maana hela yenyewe itakuwa inaingia kidogo kidogo, na mume aende ofisi za NSSF wiki hii na barua yake ya kuachishwa.