Bidhaa zetu zina msimbopau, mbona mnunuzi bado anadai EDI?

SWALI: Tunatengeneza sabuni, na kila kipande kina msimbopau. Mnunuzi mpya wa nje ya nchi anadai EDI, yaani kompyuta zetu na zake zitumiane hati moja kwa moja: anataka tumtumie ujumbe wa DESADV (taarifa ya mzigo), na kila paleti iwe na lebo yenye SSCC (namba ya paleti). Namba tulizo nazo hazitoshi? Au tutafute namba nyingine kwa kila nchi?

JIBU: Kwa kila nchi, hapana. Namba mliyopewa na tawi la nchini mwenu la GS1, shirika linalosimamia namba za misimbopau, ni halali dunia nzima. Zamani haikuwa hivyo. Marekani ilianza na UPC, namba yake ya msimbopau ya tarakimu 12, na bidhaa ya kwanza ikapita kwenye skana ya duka huko Ohio mwaka 1974. Nchi za Ulaya zikaunda chama chao mwaka 1977, wakatumia tarakimu 13. UPC iliingia humo kwa kutanguliziwa sifuri, lakini mifumo mingi ya Amerika Kaskazini ilikataa tarakimu ya 13, na wauzaji wa nje wakalazimika kuomba namba ya pili. Mwaka 2005 ndio uliowekwa kuwa ukomo wa usumbufu huo. Kwa hiyo msimlipe mtu yeyote anayewauzia “namba za soko” la nchi fulani.

Sasa tuje kwenye DESADV. Msimbopau wa sabuni yenu haubebi jina, bei wala idadi; unabeba namba tu. Maelezo lazima yawe yameshafika kwenye kompyuta ya mnunuzi kabla ya lori, na kazi hiyo ndiyo ya EDI. DESADV ni taarifa ya mzigo uliotumwa, iliyoandikwa kwa kanuni za EDIFACT zinazosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Mistari yake miwili, wa kwanza wa kutaja bidhaa na wa pili wa kiasi, huwa hivi (namba ni za mfano):

LIN+1++9521234567899:SRV'
QTY+12:48'

Hiyo 12 iliyo baada ya QTY si idadi. Inasema kwamba kinachofuata ni kiasi kilichosafirishwa. Ingekuwa 21, kingekuwa kiasi kilichoagizwa. Idadi ni 48. Lakini 48 ya nini?

Naomba muwe makini sana hapa. Namba iliyo juu ni ya kipande kimoja, hivyo mmetangaza vipande 48. Katoni ya vipande 12 inastahili namba yake, tuseme 19521234567896. Mkiandika hiyo, 48 ileile inakuwa vipande 576. Ghala likipokea tofauti na kilichotangazwa, mzigo unasimama na ankara inakataliwa, ingawa kila lebo inasomeka vizuri. Tazameni pia tarakimu ya mwisho: ilikuwa 9, sasa ni 6. Ni tarakimu ya uhakiki, hukokotolewa upya, kwa hiyo kubandika 1 mbele ya namba ya zamani hakutoshi.

SSCC nayo haitaji bidhaa, inataja paleti ile moja tu. Ina tarakimu 18, kwa mfano 395212340000000175, na mnaitunga wenyewe kutokana na kiambishi cha kampuni yenu, yaani tarakimu mlizopewa na GS1 kuitambulisha kampuni. Kwenye lebo hutanguliwa na 00 ndani ya mabano. Sifuri hizo humwambia msomaji kwamba inayofuata ni SSCC. Zisiingizwe kwenye ujumbe, maana tarakimu zitakuwa 20 na mfumo utazikataa. Namba ikishatumika, isirudiwe kabla ya mwaka kupita.

Kabla ya kumlipa mtengeneza programu, mwombeni mnunuzi mwongozo wake wa ujumbe na mwulizeni anatumia toleo gani, D.96A au D.01B, kwa kuwa wanunuzi wote husema “EDIFACT” wakati sehemu wanazolazimisha zijazwe zinatofautiana. Akiwa Marekani huenda akataka X12, kanuni za ujumbe zinazotumika huko, ambako taarifa hiyohiyo huitwa 856. Muundo wa ujumbe utabadilika, ila namba za kipande, katoni na paleti zitabaki zilezile. Kisha tumeni ujumbe wa majaribio wa paleti moja pamoja na picha ya lebo yake, wailinganishe namba kwa namba kabla mzigo wa kwanza haujaondoka.